Cecil Kimber, fundi aliyefukuzwa kwenye karakana yake

Nilipokuwa mdogo, mzee wangu alikuwa makanika hapa Mombasa. Nyuma ya gereji aliyofanyia kazi kulikuwa na gari kuukuu aina ya MG, limekaa juu ya matofali, halina magurudumu. Siku moja nikamuuliza herufi hizo mbili zina maana gani. Akasema hajui, ila aliyeliunda alikuwa fundi wa kweli. Jibu nimelipata amekwisha kututoka, Mola amrehemu, kwa hivyo nawapa nyinyi.

MG ni Morris Garages, gereji za William Morris mjini Oxford, Uingereza. Aliyeyaanzisha magari hayo ni meneja wa hapo, Cecil Kimber, aliyezaliwa London mwaka 1888. Ujanani alipata ajali ya pikipiki, mguu wa kulia ukabaki mfupi. Baba yake alitaka pesa za fidia ziingie kwenye biashara ya familia ya kutengeneza wino. Kijana akakataa, wakakosana.

Alijiunga na gereji hizo mwaka 1921, na mwaka uliofuata akawa mkuu wao. Magari ya Morris yalikuwa imara lakini hayana mvuto. Kimber akachukua chasi zilezile, akalaza springi na stelingi, akazivalisha bodi nyepesi. (Vijana wetu wanaoshusha Subaru zao chini wasidhani wameanza wao.) Mwaka 1925 aliliendesha mwenyewe moja aliloliunda kwa ajili ya mashindano ya Land's End, akarudi na medali ya dhahabu.

Ninalolipenda mimi ni Midget la 1928. Injini ilikuwa ndogo, sisi 847, ya gari la kawaida la Morris Minor. Bodi ilikuwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa, na nyuma imechongoka kama dau. Bei ilikuwa pauni 175, hata karani angeweza kujikaza akanunua. Mwaka 1929 kazi ikahamia Abingdon, na mwaka 1933 magari yake yakashinda kundi lao katika mbio za Mille Miglia kule Italia, mbele ya Waitaliano wenyewe.

Lakini karakana haikuwa yake, ilikuwa ya Morris. Mwaka 1935 Morris aliihamishia kwenye kampuni yake kubwa, na mbio zikapigwa marufuku. Kimber alibaki na cheo, nguvu hana. Vita vilipokuja alitafuta kazi ya sehemu za ndege ili mafundi wake wasikae bure, bila kuwauliza wakubwa. Mwaka 1941 akaambiwa aondoke.

Hapo nilisita kidogo kusoma. Mzee wangu naye, baada ya miaka mingi chini ya magari ya watu, aliambiwa asubuhi moja asirudi. Alikuja nyumbani na spana zake ndani ya gunia, hakusema neno mpaka Magharibi.

Kimber hakuishi kuona vita vikiisha. Tarehe 4 Februari 1945 alipanda treni King's Cross, London. Ndani ya handaki treni ikashindwa kupanda, ikarudi nyuma, behewa la mwisho likaacha reli. Wakafa watu 2, yeye mmojawapo. Mwaka huohuo Abingdon ikatoa MG TC, na maelfu yake yakapakiwa melini kwenda ng'ambo.

Lile la nyuma ya gereji liliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.