Édouard Lucas, mwalimu aliyeshinda namba ya tarakimu 39

Iangalieni kwanza: 170141183460469231731687303715884105727. Mwaka 1876 Mfaransa mmoja alionyesha kwamba namba hii haigawanyiki, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kompyuta haikuwako. Namba za aina hiyo zinaitwa tasa. Shuleni tulizijua kama nombre premier.

Édouard Lucas alizaliwa Amiens, kaskazini ya Ufaransa, tarehe 4 mwezi wa nne 1842. Alifanya kazi kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Paris, akapigana katika vita ya 1870 akiwa ofisa wa mizinga, kisha akawa mwalimu wa hesabu. Si profesa wa chuo kikuu: mwalimu wa sekondari tu, kama wale tunaokutana nao kila asubuhi na chaki mkononi.

Namba yake inapatikana hivi: andika 2 mara 127, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe 1. Tangu 1644 mtawa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha ya namba tasa, lakini hakuonyesha sababu. Na kuigawanya kwa namba moja moja? Ungelazimika kufika mpaka kwenye namba za tarakimu 20. Maisha hayatoshi.

Lucas akatafuta njia ingine. Unaanza na 3, unaizidisha kwa yenyewe, unaondoa 2, unapata 7. Unafanya vile tena na tena, na jibu likizidi namba unayoipima, unaligawanya na kushika kinachobaki. Tujaribu na ndogo, 127, inayotoka kwa 2 saba: 3, 7, 47, 48, 16, 0. Jibu la sita ni 0, basi 127 ni tasa. Kwa ile kubwa, inayotoka kwa 2 mia moja ishirini na saba, 0 inangojewa kwenye jibu la 126. Chukua kalamu ndipo utajua uzito wa kazi ile!

Mwaka ule ule alionyesha pia kwamba Mersenne alikosea kwa namba ya 2 sitini na saba: hiyo si tasa. Vigawanyo vyake vilipatikana 1903 tu, na Mmarekani Frank Nelson Cole.

Alipenda kucheza vilevile. Mwaka 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi, wa kuhamisha visahani kati ya vijiti vitatu, akajificha nyuma ya jina N. Claus de Siam. Panga upya herufi zake: Lucas d'Amiens.

Mwaka 1891, kwenye karamu ya mkutano wa wanasayansi, mhudumu aliangusha sahani, kipande kikamkata Lucas shavuni. Kidonda kidogo kiliingia uchafu. Dawa za antibiotiki zilikuwa bado. Alikufa tarehe 3 mwezi wa kumi, akiwa na miaka 49.

Namba yake ilibaki tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana mpaka 1951, Ferrier alipopata ingine ya tarakimu 44, naye alisaidiwa na mashine ya mezani.