Carey Francis, Bingwa Aliyeshika Chaki

Mtoto wa Lodwar anaweza kukariri kwamba robo ya mbuzi 12 ni mbuzi 3, asijue kwa nini. Katika madarasa yaliyofurika ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Ni nani basi akabidhiwe kazi ya kumwelewesha?

Edward Carey Francis, aliyezaliwa London mwaka 1897, alilijibu swali hilo kwa maisha yake. Alikuwa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini mwaka 1928 aliiacha nafasi hiyo akaja Kenya kuongoza shule ya Maseno. Kuanzia 1940 hadi 1962 alikuwa mwalimu mkuu wa Alliance. Hata hivyo, hakuiweka chaki chini. Alifundisha hisabati na kuandika vitabu vya hesabu vya shule za msingi. Alipostaafu alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.

Bingwa huyu hakuona hesabu za watoto kuwa kazi duni. Vyuo vinavyowaandaa walimu wa Turkana havina budi kukumbuka kwamba msingi huhitaji fundi aliyebobea, si yeyote aliyepatikana.