Kipofu aliyeijua namba 2,147,483,647

Leo naomba tuache siasa kidogo. Nataka niwape habari za mzee mmoja, Leonhard Euler, maana amenitia aibu.

Mzee wangu alipoanza kupoteza macho, sisi watoto tulimnyang'anya daftari la duka. Tukamwambia apumzike, hesabu tutapiga wenyewe. Tulidhani tunamtendea wema. Halafu nikasoma habari za huyu bwana.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Baba yake, mchungaji, alitaka kijana naye awe mchungaji. Mwalimu Johann Bernoulli akamwombea ruhusa afuate hesabu. Mwaka 1727 akaenda St. Petersburg, Urusi, kwenye akademia ya sayansi. Huko jicho la kulia likafa. Mwaka 1741 akahamia Berlin kwa mfalme Frederick wa Pili, ambaye alikuwa akimkejeli kwa hilo jicho moja. Mwaka 1766 akarudi Urusi, na jicho la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho. Alipasuliwa, akaona kwa muda mfupi, kisha giza likarudi. Mwaka 1771 nyumba ikaungua moto. Jamani!

Wengi wetu hapo tungeshika tama. Yeye alikuwa anapiga hesabu kichwani na kutamka, wanawe na wasaidizi wanaandika.

Mwaka 1772 ndipo inakuja hii namba. Chukua 2 zipatazo 31, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine zaidi ya 1 na yenyewe? Ukienda kichwa kichwa, itabidi ujaribu namba tasa zote hadi 46,340, na hizo ni zaidi ya 4,700. Euler akaonyesha kwamba kigawanyo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Za kujaribu zikabaki chini ya 400. Hakuna hata moja iliyogawa. Ni tasa! Kwa miongo kadhaa dunia haikujua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Na wewe uliyekaa kwenye kompyuta hapo kafe, namba hii unaishi nayo. Programu inayotunza namba kwa biti 32, chanya na hasi, haiwezi kuvuka hapo. Desemba 2014 video ya Gangnam Style ilipita namba hiyo YouTube, na kihesabio kilikuwa kimebidi kipanuliwe. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 itagota hapo tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Euler alifariki 18 Septemba 1783, akiwa na miaka 76. Siku hiyo hiyo alikuwa anazungumzia njia ya sayari ya Uranus.

Basi Jumapili nilimrudishia mzee daftari lake. Mimi nasoma, yeye anajumlisha kichwani. Ukurasa wa pili tu akanikamata na kosa la shilingi 4,000.

Haya wadau, nyumbani kwenu hakuna mzee mliyemstaafisha kwa nguvu? Semeni hapo chini.