Kabla hujatia dizeli kwa Peugeot ya mzee, mjue Clessie Cummins

Ukipita Mbotela wiki hii utakuta Peugeot 504, ile ndefu ya familia, boneti iko wazi na matairi yamekingwa kwa mawe. Ni gari la mzee mmoja wa mtaa. Injini yake ya petroli ilikufa zamani, na kijana wake akaamua kutia ya dizeli: 3L ya Toyota, hiyo unaijua kutoka kwa Hiace. Makanika alikata, akachomelea mauntingi mpya, akahangaika na giaboksi siku tatu, ikaingia. Ikawaka. Mtaa mzima ulitoka kuangalia moshi.

Shida ilikuja kwa kusimama. Walipoijaribu, pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari likasimamia mahali ambapo hakuna aliyetaka lisimame. Hakuna aliyeumia. Ukuta ndio uliumia kidogo.

Nitarudi kwa hilo gari. Kwanza acha nikujulishe kwa mtu ambaye jina lake umelisoma mara nyingi bila kumjua. Stima zikipotea na jenereta ya supamaketi ianze kunguruma kule nyuma, angalia ubavuni mwake, huenda utaona neno Cummins. Utaliona pia kwenye malori. Ulidhani ni jina la kampuni tu, si ndiyo? Alikuwa mtu, tena dereva wa kuajiriwa. Na jina lake lilipona kwa sababu aliwahi kufanya kitu kilekile kinachofanywa hapo Mbotela: alichukua gari la mtumba, akang'oa injini ya petroli, akatia dizeli.

Clessie Cummins alizaliwa tarehe 27 Desemba 1888 katika jimbo la Indiana, Marekani, kwa watu wa shamba. Masomo yake yaliishia darasa la nane. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie nimcheke.) Lakini akiwa na miaka 11 tayari alikuwa ameunda injini ya mvuke iliyofanya kazi. Mwaka 1908 akaandikwa na tajiri wa benki katika mji wa Columbus, hukohuko Indiana, aliyeitwa William Irwin. Kazi ilikuwa kuendesha gari la bosi na kulitengeneza likiharibika. Mwaka 1911, mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis yalipofanyika, Cummins alikuwa miongoni mwa mafundi wa gari la Marmon lililoshinda.

Irwin aliona huyu si dereva wa kufungua mlango tu. Akamsaidia kuanza gereji, na Februari 1919 wawili hao wakasajili kampuni ya kutengeneza injini za dizeli. Pesa za Irwin, mikono ya Cummins.

Hapo tuelewane kuhusu dizeli. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyepewa hataza ya wazo hilo mwaka 1893. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto sana, kisha mafuta yananyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Shika pampu ya baiskeli unapojaza tairi uone inavyopata joto, ni jambo lilelile. Kwa sababu ya kubana sana, dizeli inapata kazi nyingi zaidi kutoka kwa mafuta kidogo. Lakini kwa sababu hiyohiyo lazima iwe nzito na imara, na miaka ile watu waliiona ni ya meli na viwanda. Kuiweka kwa gari la familia lilikuwa wazo la mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Kampuni ilianza vibaya. Sears, duka kubwa la kuuza kwa katalogi, liliagiza injini maelfu kwa ajili ya wakulima. Sasa, Sears lilikuwa na sheria kwamba mteja asiyeridhika arudishe bidhaa. Wakulima wakanunua, wakazitumia msimu mzima, mavuno yakiisha wanarudisha. Mkenya angefanya hivyohivyo, usijifanye. Hasara ikaangukia wale waliotengeneza. Miaka kumi Irwin aliendelea kumwaga pesa na faida haionekani. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na Irwin akawa tayari kufunga duka.

Cummins hakuwa na faida ya kumwonyesha. Alichokuwa nacho ni injini ya silinda 4 iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, na Packard ya mtumba, limuzini kubwa la kifahari la enzi hizo. Akaipachika injini ya boti ndani ya Packard. Siku ya Krismasi 1929 akamchukua bosi wake nyumbani, akamkalisha, wakatoka kutembea kama zamani alipokuwa dereva wake. Mjini Columbus hakuna aliyewahi kuona gari la familia linalokwenda kwa dizeli. Hata Wajerumani, wenye wazo lenyewe, walianza kuuza Mercedes ya dizeli ya aina ya 260 D mwaka 1936.

Irwin aliposhuka alikuwa amebadilisha nia. Pesa zikatoka tena.

Januari 1930 Cummins akaiendesha Packard hiyo kutoka Indiana hadi New York, kulikokuwa na maonyesho ya magari. Ni karibu maili 800. Hesabu hivi: utoke Nairobi uende Mombasa, urudi, kisha uunganishe mpaka Eldoret. Mafuta ya safari nzima yaligharimu dola 1 na senti 38. Pesa za wakati ule ni kweli, lakini hata wakati ule watu walishika vichwa. Mwaka huohuo akapeleka Packard ya dizeli kwenye ufuo wa Daytona ikapita maili 80 kwa saa. Mwaka 1931 gari la mbio lenye injini yake likarudi Indianapolis na kumaliza maili 500 bila kusimama hata mara moja kutia mafuta. Lilikuwa namba 13, lakini hakuna gari lililowahi kumaliza mashindano hayo bila kusimama.

Mambo ya kwenda, basi, aliyamaliza. Yaliyomsumbua ni yale ya kusimama, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole kama una mpango wa kubadilisha injini.

Mwaka huohuo wa 1931 Cummins na wenzake wawili waliendesha lori la dizeli kutoka New York hadi Los Angeles kutafuta rekodi. Mafuta ya kuvuka nchi nzima yaligharimu dola 11 na senti 22. Karibu na mwisho wakaingia mteremko wa Cajon, California, unaoshuka kuelekea San Bernardino. Fikiria kushuka Mai Mahiu na lori lililochoka. Breki zikapata joto, zikaisha nguvu, lori likaanza kukimbia lenyewe. Chini barabara ilikatana na reli, na treni ya mizigo ilikuwa inapita. Behewa la mwisho likaondoka, lori likapita. Walikosana na treni kwa nafasi ndogo sana.

Kwa nini injini haikulizuia lori? Gari la petroli ukiachilia eksilereta, kuna kilango kinachofunga njia ya hewa. Injini inabaki ikivuta hewa isiyokuwepo, na huko kuhangaika kunalipunguza gari mwendo. Dizeli haina kilango hicho. Hewa inaingia wakati wote, inabanwa, kisha inapanuka na kurudisha nguvu ileile kwa magurudumu, kama springi. Kwenye mteremko dizeli ya kawaida haikushikilii sana. Na ukitoa gia ili kuokoa mafuta, kama wanavyofanya madereva wengine kule Salgaa, umebaki na breki peke yake.

Cummins alikaa na Cajon kichwani zaidi ya miaka 20. Mwaka 1955 aliiacha kampuni yenye jina lake, na uzeeni akarudi kwa swali la lori lile. Jibu lake lilikuwa rahisi kulisema: hewa ikishabanwa kabisa, fungua vali ya moshi uiachilie itoke kabla haijarudisha nguvu. Injini inageuka kuwa kompresa, inakula mwendo wa lori badala ya kuuongeza. Mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuuza kifaa hicho. Ule mlio wa tratatata wa trela linaloshuka mlima, ndio huo. Alifariki mwaka 1968, na miaka 79.

Sasa turudi Mbotela, kwa sababu kilango kile kisichokuwepo ndicho kilichogonga ukuta.

Nyuma ya pedali ya breki ya 504 kuna ngoma nyeusi, busta, inayokuongezea nguvu ya mguu. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa kutoka kwa injini. Petroli inajitengenezea mvuto huo kwa sababu ya kilango chake. Dizeli hauna. Toyota walilijua hilo, wakafunga pampu ndogo ya kuvuta hewa mgongoni mwa oltaneta ya 3L. Kijana wetu, ili kuokoa pesa, alinunua injini bila oltaneta, akafunga ile ya zamani ya Peugeot. Taa zinawaka, betri inachaji, busta haina kitu. Tulikaa pale mtaani saa mbili tukilaumu breki pedi.

Kuna pia mambo ya nambari ya injini, ambayo lazima ibadilishwe kwenye logibuku kupitia NTSA, na springi za mbele zinazolalamika kwa uzito. Hayo yatasubiri. Jumamosi tunaenda Kirinyaga Road kutafuta oltaneta yenye pampu, na mzee amesema hakuna mtu kugusa swichi mpaka turudi nayo. Mawe bado yako kwa matairi.