James Connolly: bendera na mushahara

Connolly alizaliwa Edinburgh 1868, mutoto wa wazazi maskini wa Ayalandi. Mwaka 1896, kule Dublin, akaanzisha chama cha jamhuri na ujamaa pamoja. Aliona ukibadilisha bendera tu, wenye nyumba na viwanda watabaki wale wale. Sisi wa sendika tunajua ile mambo.

1913 mabosi wa Dublin walifungia wafanyakazi milango juu ya kukataa kutoka ku sendika. Karibu miezi 5! Njaa ikawashinda. 1916 akashika bunduki pamoja na wazalendo wasio wajamaa. Alikuwa na kidonda ku mguu. Waingereza wakamuweka ku kiti, wakamupiga risasi, 12 Mei.

Mpaka leo wazalendo na wajamaa wa kule wanamugombania. Sisi hatuoni sababu ya kumukata vipande viwili.