Anna Sewell, mwanamke aliyetetea farasi wasiokuwa wake

Huku mashariki ya Congo, farasi ni mnyama ambaye watu wengi wanamuona kwenye filamu tu. Mizigo inabebwa na tshukudu, moto, malori, na zaidi ya yote migongo ya wamama. Lakini miaka 150 iliyopita, katika mji wa London kule Uingereza, farasi njo alikuwa kila kitu. Alivuta teksi, alivuta basi, alivuta gari la makaa na gari la maiti. Na sawa vile inavyokuwa leo kwa moto nyingi za mjini, watu wengi waliokuwa wanashinda naye toka asubuhi mpaka usiku hawakuwa wenyewe. Farasi alikuwa wa patron. Wao walikuwa na hatamu mkononi tu.

Kati ya watu waliomwangalia mnyama huyu kwa karibu, mmoja alikuwa mwanamke asiyeweza kutembea vizuri. Hakuwa mfugaji, hakufanya biashara ya farasi, hakushindana kwenye mbio. Farasi aliowajua walikuwa wa nyumba ya baba yake, wa jamaa yake, na hasa wa watu asiowajua, wale waliopita barabarani. Maisha yake yote aliandika kitabu kimoja cha hadithi. Kitabu hicho kinaitwa Black Beauty, na jina lake yeye ni Anna Sewell.

Mtoto wa nyumba isiyokuwa na pesa

Anna alizaliwa tarehe 30 Machi 1820 katika mji wa Great Yarmouth, jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza, karibu na bahari. Baba yake aliitwa Isaac na mama yake Mary. Walikuwa waumini wa Quaker, ile jamii ya kanisa inayojiita pia Marafiki, watu wanaokataa vita na wanaopenda maisha ya kawaida yasiyo na mapambo. Miaka miwili nyuma yake alizaliwa kaka yake Philip. Walikuwa hao wawili tu.

Baba alijaribu biashara, lakini biashara haikumpenda. Butike yake ilianguka, familia ikahama, ikahama tena. Sababu pesa ya shule haikuwa rahisi, mama njo alifundisha watoto nyumbani. Aliwafundisha kusoma, kuandika na kuangalia vitu: majani, wadudu, ndege. Aliwafundisha pia kwamba kumtesa mnyama ni dhambi sawa dhambi zingine.

Wakati wa likizo, watoto walienda kwenye shamba la jamaa za mama yao huko Buxton, Norfolk. Kule njo Anna alijifunza kupanda farasi. Shamba halikuwa lake na farasi hawakuwa wake, lakini kwa mtoto wa mjini ambaye wazazi wake wanahesabu kila senti, hiyo ilikuwa furaha kubwa.

Siku ya mvua

Alipokuwa na miaka 14, siku moja ya mvua, Anna alikuwa anarudi nyumbani toka shule. Aliteleza, akaanguka, akaumia vifundo vya miguu. Ajali ya namna hiyo inampata mtoto yeyote, na wengi wanapona kisha wiki chache. Yeye hakupona. Matibabu ya wakati ule hayakumsaidia, na toka siku ile mpaka kufa kwake hakuweza tena kusimama muda mrefu wala kutembea mbali bila maumivu.

Mwaka 1836 familia ilihamia Brighton, mji wa pwani ya kusini, kwa ajili ya kazi ya baba katika benki na pia kwa matumaini kwamba hewa ya bahari itamsaidia binti. Baadaye alipelekwa mara kadhaa Ujerumani kwenye maji ya tiba. Alipata nafuu kwa muda, kisha udhaifu ulirudi.

Fikiria maisha ya msichana katika hali hiyo. Hakuolewa. Hakuwa na kazi ya mshahara. Wengine wangefunga mlango na kukaa kitandani. Anna alipata njia ingine: gari dogo la kuvutwa na farasi.

Farasi akawa miguu yake

Kila siku ya kazi Anna alimpeleka baba yake kwenye stesheni ya treni, na saa ya kurudi akaenda kumchukua. Aliendesha mwenyewe. Rafiki mmoja wa familia aliyepanda naye alikumbuka baadaye kwamba Anna alikuwa anashika hatamu bila kuzivuta. Farasi aliongozwa na sauti yake. Alimwambia kama kuna mlima mbele, alimuomba asikimbie sana, alimuhurumia kwa matope. Kwa mtu aliyepanda kwa mara ya kwanza hiyo ilionekana kama mchezo, lakini farasi alikuwa anasikia.

Sababu iko wazi. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kumuona farasi kama chombo: kikiharibika, unashuka na kutembea. Anna hakuwa na nafasi hiyo. Bila farasi, dunia yake ilikuwa inaishia mlangoni. Kwa hiyo alijifunza kumsoma: masikio yanasema nini, pumzi inasema nini, wakati gani anaogopa na wakati gani amechoka.

Na kila alipopita barabarani aliona pia farasi wa wengine. Aliona waliopakiwa mizigo kupita nguvu zao, waliopigwa fimbo kwenye mlima, waliofanya kazi wakiwa wagonjwa. Aliona zaidi kitu kimoja kilichomkera: kamba ya ngozi iliyofungwa toka mdomoni mwa farasi mpaka mgongoni, ili kichwa kibaki juu wakati wote. Matajiri walipenda mtindo huo sababu ulifanya magari yao yapendeze. Lakini farasi anayepanda mlima anahitaji kuinamisha kichwa ili asukume kwa mabega. Ukimfunga kichwa juu, anashindwa kuvuta vizuri, shingo inauma, pumzi inakuwa fupi. Maumivu yote hayo yalikuwa kwa ajili ya urembo tu.

Sheria hazikukosa kabisa. Uingereza ilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ukatili kwa mifugo na farasi mwaka 1822, na mwaka 1824 shirika la kulinda wanyama lilianzishwa London. Lakini sheria kwenye karatasi na maisha ya barabarani ni vitu viwili tofauti.

Kitabu kilichoandikwa nyumbani

Nyumbani kwao, mwandishi aliyejulikana alikuwa mama. Mary Sewell alianza kutoa mashairi yake akiwa karibu na miaka 60, mashairi rahisi kwa ajili ya watu maskini na watoto, na yaliuzwa sana. Anna njo alikuwa msomaji wake wa kwanza: alisahihisha, alikata maneno, alisema ukweli. Miaka mingi alifanya kazi hiyo kwa jina la mtu mwingine.

Mwaka 1867 familia ilirudi Norfolk, katika kijiji cha Old Catton karibu na mji wa Norwich, ili kuwa karibu na Philip, ambaye alifiwa na bibi yake na kubaki na watoto saba. Kufikia mwaka 1871 afya ya Anna ilikuwa imeshuka sana. Hakuweza tena kutoka nyumbani. Gari na farasi, ile furaha yake ya miaka mingi, vilikuwa vimekwisha kwake.

Ni wakati huo njo alianza kuandika. Kazi ilichukua miaka sita. Siku za udhaifu alilala kwenye kiti kirefu na kumwambia mama yake maneno ya kuandika. Siku alizopata nguvu kidogo aliandika kwa kalamu ya risasi kwenye vipande vya karatasi, na mama akanakili safi. Mama alikuwa na zaidi ya miaka 70.

Alichofanya katika kitabu hicho hakikuwa cha kawaida: farasi mwenyewe njo anasimulia. Ni farasi mweusi aliyezaliwa shambani, akalelewa vizuri, kisha akauzwa toka mkono mmoja mpaka mwingine. Kila mwenye mali mpya ni somo. Kijana mmoja wa zizi anampa maji ya baridi akiwa na joto na anasahau kumfunika. Hana roho mbaya, hajui tu, lakini ujinga wake unakaribia kuua. Mwingine ni mfanyakazi hodari akiwa hajakunywa, na pombe inamuua yeye na kuharibu magoti ya farasi. Bibi tajiri anataka vichwa vifungwe juu zaidi. Na Ginger, rafiki ya farasi mweusi, jike lililoharibiwa na ukali wa watu toka ujana, anaishia kwenye teksi za London akiwa mifupa na kikohozi.

Versement ya London

Sehemu ambayo watu wa moto wa Goma, Bukavu ao Uvira wangeielewa bila kufasiriwa ni ile ya madereva wa teksi za farasi. Anna hakuwachora kama watu wabaya. Jerry Barker, dereva mzuri kuliko wote kitabuni, ana farasi wake mwenyewe. Ndiyo sababu anaweza kukataa abiria anayetaka kukimbizwa bila sababu, na anaweza kupumzika siku ya Yenga.

Lakini kuna mwingine anayeitwa Sam. Huyu hana gari wala farasi. Anakodi kwa patron, na kwa siku anapaswa kulipa shilingi 18 kwa gari moja na farasi wawili, mbele ya kupata hata senti ya watoto wake. Siku abiria wakikosekana, deni linabaki pale pale. Kwa hiyo anapiga farasi aliyechoka, si kwa sababu anapenda kumpiga, lakini sababu nyuma yake kuna mtu anayengoja pesa. Sam anakufa kwa kazi hiyo.

Hapa njo kuna nguvu ya Anna Sewell. Alipenda farasi, lakini upendo huo haukumfanya asahau mtu. Aliona kwamba fimbo inaanza mbali, katika nyumba ya yule anayepanga bei ya kukodi na ambaye hashiki fimbo hata siku moja. Aliona pia abiria anayechelewa kwa kosa lake mwenyewe kisha anataka dereva akimbize mnyama. Kila mmoja ana sehemu yake ya lawama.

Kitabu hakikuandikwa kwanza kwa ajili ya watoto. Anna alikitaka kwa watu wanaofanya kazi na farasi: watunzaji wa zizi, madereva, vijana wanaojifunza. Njo maana ndani yake kuna mafundisho ya kazi: namna ya kukausha farasi, namna ya kuangalia kwato, hewa gani inafaa katika zizi.

Miezi mitano

Jarrold, watu wa kuchapa vitabu wa Norwich, walitoa Black Beauty tarehe 24 Novemba 1877. Anna alilipwa mara moja tu. Alipata nafasi ya kukishika kitabu mkononi na kusikia kwamba watu wameanza kukipenda. Tarehe 25 Aprili 1878, miezi mitano baadaye, alikufa, akiwa na miaka 58.

Siku ya mazishi, magari ya farasi yalifika nyumbani kuchukua maiti. Mama Mary alichungulia dirishani na kuona farasi wale wamefungwa vichwa juu kwa kamba ile ile ambayo binti yake aliipinga. Pamoja na uchungu wake wote, mzee huyo alitoka na kuagiza kamba zifunguliwe. Farasi walimpeleka Anna kwenye makaburi ya Quaker huko Lamas, vichwa vikiwa huru.

Kitabu bila mwenyewe

Kisha kufa kwake, kitabu kilitembea kuliko mwandishi alivyoweza kutembea. Mwaka 1890 George Angell, mwanzilishi wa shirika la kulinda wanyama la Massachusetts, Marekani, alikichapa na kukigawa bure kwa madereva na watunzaji wa farasi. Mamilioni ya nakala ziliuzwa katika nchi nyingi, filamu zikatengenezwa, na wasomaji wa Kifaransa wamekijua pia kwa jina la Prince Noir. Kilisaidia kufanya watu waone haya juu ya ile kamba ya urembo, na polepole mtindo ukapungua.

Leo teksi za farasi zimekwisha London. Lakini hali ya Sam haijaisha. Bado kuna mtu anayeshinda siku nzima na chombo kisichokuwa chake, akihesabu versement mbele ya kuhesabu chakula cha watoto, na bado kuna abiria anayemuomba akimbize ili yeye asichelewe. Anna Sewell hakuwa na farasi wa kuachia jamaa yake. Aliacha swali ambalo wenye mali, madereva na abiria wanaweza kujiuliza kila asubuhi: huyu anayenibeba leo, amechoka kiasi gani?