Joseph Whitworth, Mwingereza aliyepanga meno ya buloni

Kolwezi – Kabla ya kutoboa bamba nene la chuma na kukata meno ndani ya tundu, fundi wa Lualaba anauliza kwanza: ni milimita au ni inchi? Akikosea, bamba zima linaweza kutupwa. Swali hilo linarudi hadi kwa Joseph Whitworth, fundi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1887.

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 mjini Stockport, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu; mama yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwenye kiwanda cha pamba cha jamaa yake ajifunze biashara. Mashine zilimvutia zaidi. Akaondoka, akawa fundi Manchester, kisha London kwa Henry Maudslay, bingwa wa mashine za kuchonga chuma wakati ule.

Huko alijulikana kwa mabamba yaliyonyooka kabisa. Aliyafanya matatu kwa pamoja, maana mawili yanaweza kulingana huku moja limebonyea na lingine limevimba. La tatu linafichua kosa.

Mwaka 1833 alirudi Manchester na kufungua atelye yake. Siku hizo kila kiwanda kilikata meno ya buloni kwa namna yake. Ukipoteza ekru moja, ulirudi kwa aliyetengeneza mashine. Whitworth alikusanya buloni kutoka atelye nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 alipendekeza mbele ya wahandisi wa London mpango mmoja: meno yenye pembe ya digrii 55, na hesabu maalum ya meno kwa kila unene. Buloni ya nusu inchi ilipewa meno 12 kwa inchi. Kampuni za reli zikaufuata.

Sifa nyingine zilifuata. Katika maonyesho ya London ya mwaka 1851 alionyesha mashine ya kupima sehemu moja ya milioni ya inchi. Bunduki yake yenye mtutu wa pembe sita ilikataliwa na serikali ya nchi yake, lakini ilitumiwa na walenga shabaha wa Kusini katika vita vya Marekani. Mwaka 1868 alitoa fedha nyingi kusomesha vijana ufundi. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akiwa na miaka 83.

Lakini ulimwengu haukumfuata wote. Marekani, William Sellers alipendekeza digrii 60 mwaka 1864, na nusu inchi yake ikawa na meno 13. Mwaka 1898, mkutano wa Zurich ulipanga meno ya milimita, nayo ya digrii 60.

Katanga ilikutanisha vipimo hivyo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliunganisha Wabelgiji wa milimita na kampuni ya Kiingereza ya Robert Williams. Reli iliyofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilitoka kusini, Rhodesia ya Waingereza.

Buloni ya meno 13 ndani ya tundu la meno 12 inazunguka mara chache, kisha inakwama. Anayelazimisha anaharibu meno. Tundu likiwa limepita upande wa pili, fundi anaweza kulipanua na kufunga ekru nyuma. Katika bamba nene lenye tundu lisilotokea ng'ambo, njia hiyo haipo. Vumbi la chuma linabaki chini, na taro ikivunjika inabaki humo. Ndiyo sababu tundu linatobolewa kina kuliko meno yanayohitajika, taro tatu zinafuatana, na kila mara mkono unarudi nyuma kidogo kukata nyuzi za chuma. Kwa buloni ya milimita 12 tundu ni 10,2. Kwa nusu inchi ya Whitworth ni karibu 10,5. Macho hayatofautishi.

Leo buloni za Whitworth ni adimu kwenye mashine mpya. Digrii 55 zake zimebaki kwenye mabomba ya maji na viungo vingi vya haidroliki, meno ambayo mafundi wanayaita ya gazi. Hapo pia kuna mtego: bomba la nusu inchi, likipimwa kwenye meno, linatoa karibu milimita 21. Nusu inchi ilikuwa upana wa ndani wa mabomba ya zamani.